Gari la Mama Mbao na Sikio la Shemeji

Fundi Sikio hakuwahi kumwonea wivu mtu aliyemzidi mali. Wenye mali aliwatazama kama mtu anavyotazama mvua: leo inanyesha kwa jirani, kesho huenda ikanyesha kwake, na isiponyesha, ndoo anazo. Wivu wake ulikuwa wa aina moja tu, nao ulikuwa na anwani. Ulikaa ng'ambo ya barabara, ukavaa ovaroli la buluu lililopigwa pasi, na ulikuwa umezaliwa tumbo moja na mke wake.

Ovaroli lililopigwa pasi! Wateja walimpachika yule shemeji jina la Mtanashati, naye akalipokea kama zawadi. Alikodi kiwanja kinachotazamana na gereji ya Sikio, akamwaga saruji chini, akapaka ukuta rangi nyeupe, akaweka viti viwili vya wateja na kompyuta ndogo ya kusomea makosa ya magari. Siku ya kwanza alivuka barabara, akasema kwa adabu zote, "Shemeji, mji ni mkubwa, tutagawana." Sikio akamjibu, "Karibu sana, shemeji," na moyoni akaongeza mambo yasiyoandikika.

Gereji ya Sikio ilikuwa nyuma ya duka la matairi: mabati juu, udongo chini, na udongo wenyewe ulikuwa umekunywa oili ya miaka thelathini mpaka ukawa mgumu na mweusi kama lami. Hakusomea ufundi popote. Alianza kwa kuosha vipuri vya watu kwa petroli, akaishia kuwa na funguo zake mwenyewe. Kilichomtoa ni sikio. Alikuwa na bisibisi ndefu. Ncha yake aliigusisha kwenye injini, mpini akauweka kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho, kisha akakwambia beringi gani imeanza kuchoka na bomba gani la kunyunyizia mafuta lina uvivu. Watu walimletea magari ayasikilize kabla hawajanunua. Wauzaji walipomwona anakuja na bisibisi yake, bei ilishuka kabla hajafungua mdomo.

Kati ya magari yote, moja lilikuwa lake kwa moyo. Kwenye karatasi lilikuwa la Mama Mbao, mwenye kiwanda cha mbao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya msumeno. Lilikuwa gari dogo la rangi ya fedha, la zamani, lenye tabo, ile mashine inayosukumia hewa ndani ya injini mpaka gari dogo likimbie kama limetukanwa. Kwa miaka kumi na miwili hakuna mkono mwingine uliofungua boneti yake. Mke wa Sikio alizoea kumuuliza jioni, "Leo mke mwenzangu alikuja?" na Sikio alikuwa akijibu bila kucheka, "Alikuja. Anakusalimu."

Ugonjwa ulianza kidogo. Gari likisimama kwenye foleni, injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inazunguka polepole bila mguu kwenye mafuta, lilitetemeka kama mtu mwenye homa changa. Sindano ya mizunguko ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Ukikanyaga mafuta, linatulia. Ukiachia, homa inarudi.

Sikio akabadilisha plagi, maana zilikuwa zimeshakula umri. Homa. Akabadilisha koili moja aliyoishuku. Homa. Akausafisha mlango wa hewa kwa mswaki mpaka ukang'aa kama kijiko cha wageni. Homa ileile.

Sasa, fundi yeyote aliyekula chumvi anajua kwamba injini inayotetemeka ikipumzika na kutulia ikikimbia, cha kwanza kushukiwa ni hewa ya wizi. Mahali fulani pana tundu, na injini inavuta hewa ambayo haikuipimia mafuta. Kwenye gari la tabo, mipira ya hewa imejikunja kama matumbo ya mbuzi, na tundu linaweza kuwa popote. Sikio alilijua hilo vizuri. Ndicho kitu alichokitafuta kwanza kabisa. Aliwasha injini, akagusisha bisibisi hapa na pale, akainama, akafumba macho. Hewa ya wizi hufoka, na yeye hakusikia kitu kinachofoka. Akaifuta kwenye hesabu zake na hakuirudia.

Mafundi wengine hupulizia mipira dawa ya kusafishia kabureta, mmoja mmoja, waone mlio wa injini utabadilika wapi. Lakini Sikio aliwahi kusema mbele ya watu kwamba kupulizia dawa ni kazi ya viziwi. Watu walicheka sana siku hiyo. Tangu hapo asingeweza kushika chupa ya dawa hadharani.

Jumatatu Mama Mbao alilirudisha gari kwa mara ya tatu. Hakuzima injini. Aliteremka, akaliacha likitikisika nyuma yake.

"Fundi, mtoto akipelekwa hospitali mara tatu kwa homa ileile, mama yake anatafuta daktari mwingine."

"Mama, gari ya zamani ina mambo mengi."

"Mimi pia ni wa zamani, na sitetemeki." Akamwekea funguo kiganjani. "Ijumaa saa kumi nakuja. Nikiikuta bado inacheza ngoma, navuka nayo barabara. Na nikivuka, fundi, sirudi. Unanijua."

"Kwa Mtanashati?"

"Mimi sijataja mtu. Umemtaja wewe."

Sikio alimjua kweli. Miaka minane nyuma, mwenye duka la misumari alimpunja mama huyu pakiti moja. Mpaka leo akipita mbele ya duka lile anatazama upande mwingine, kama vile pana maiti.

Mama Mbao alipoondoka, Sikio alitazama ng'ambo. Mtanashati alikuwa akipangusa kioo cha gari la mteja kwa kitambaa cheupe, taratibu, kama anamfuta mtoto uso. Kwa mawazo Sikio akaliona gari lake la fedha limesimama pale juu ya saruji, limefunguliwa boneti na ile mikono yenye harufu ya losheni. Akaona Mama Mbao ameketi kwenye kile kiti cha wateja. Akashindwa kumaliza chai yake.

Mkewe alikuwa dada wa mmoja na mke wa mwingine, na alikuwa amechoka kuwa ukuta wa kudundishia mpira. Jumatano akampigia simu mdogo wake. Saa nne asubuhi Mtanashati akavuka barabara na kompyuta kwapani.

"Hodi hapa. Shemeji, dada amenituma."

"Amekutuma chumvi? Duka liko mbele."

"Amesema kuna gari inakusumbua."

"Gari hainisumbui. Mimi ndiye ninayeisumbua." Lakini akampisha, maana alikuwa na hamu ya kuiona hiyo mashine ikifanya kazi. Wivu una udadisi kuliko mapenzi.

Mtanashati alipiga goti juu ya gazeti, akatafuta chini ya usukani tundu la kuchomekea waya wake. Akalipata. Waya haukuingia. Akaugeuza. Haukuingia. Gari lile lilitengenezwa kabla mashine za namna ile hazijafikiriwa, na tundu lake lilikuwa na umbo jingine kabisa.

Furaha iliyomwingia Sikio ilikuwa tamu mpaka ikamtia aibu kidogo. "Pole, shemeji. Kamwambie aliyekuuzia akupe na waya wa wazee."

Mtanashati hakukasirika. Alikunja waya wake vizuri, akauweka mfukoni. "Basi iwashe tu." Akasimama hatua moja kutoka kwenye gari asije akachafuka, mikono mfukoni, akainamisha kichwa kama kuku aliyeona mdudu.

"Panafoka hapo," akasema.

"Wapi?"

"Kule nyuma ya injini, chini, upande wa huku." Akaonyesha kwa kidevu. "Ssss. Kama tairi yenye mwiba. Shemeji, husikii?"

Sikio akanyakua bisibisi, akainama. Alisikia mabomba ya mafuta yakigonga kwa zamu. Alisikia pampu ya maji. Alisikia puli ya mkanda ikizunguka, nzima kabisa. Ssss hakuisikia.

"Hakuna kitu."

"Lakini inalia wazi."

"Mimi nilidhani ni kompresa yangu inavuja," akadakia fundi matairi kutoka upande wa pili wa ukuta, bila kuulizwa. "Wiki nzima naikagua."

Wivu ni hakimu wa ajabu. Ukimletea shahidi mmoja, anasema huyu mwongo. Ukimletea wawili, anasema wamepanga.

"Toka," Sikio akasema. "Mashine imekushinda, sasa umekuja na sikio. Na jina langu pia unalitaka? Chukua. Chukua na spana. Nenda nyumbani ukachukue na kiti changu cha kulia chakula."

"Shemeji, sikuja kwa ugomvi."

"Ndiyo maana unaniudhi."

Mtanashati alichukua gazeti lake alilopigia goti, akalikunja, akaondoka. Hata gazeti alilikunja vizuri.

Jioni ile Sikio alikula mpaka sahani ikafika nusu. Kisha akasema, "Ndugu yako anasikia vitu ambavyo havipo."

Mkewe alikuwa anamimina maji. Akasimamisha mkono. "Saa yako imelia."

"Saa gani?"

"Hiyo uliyovaa mkononi. Inalia kila saa ikitimia. Pi-pi. Sasa hivi imetimia saa moja, imelia."

"Saa hii haijawahi kulia hata siku moja."

"Baba watoto, imelia tangu mwanao alipokununulia. Mwanzoni ulikuwa unashtuka, unaitukana. Mwaka huu sijakuona ukishtuka. Nikasema ameizoea."

Sikio alisukuma sahani pembeni. Alikaa na gazeti mbele ya uso akiwa hasomi, akitazama tarakimu pembeni mwa jicho. Ilipokaribia saa mbili aliinua mkono, akaisogeza saa mpaka ikagusa sikio. Tarakimu zikabadilika. Ng'ambo ya meza mkewe akainua kidole kimoja: hiyo. Yeye hakusikia kitu. Akajaribu tena saa tatu ilipotimia, kwa sikio la pili. Mkewe hakuinua kidole safari hii, alimtazama tu.

Miaka thelathini ya kusaga vyuma kwa mashine bila kuziba masikio ilikuwa imepita na mzigo wake. Sauti nyembamba zilikuwa zimehama moja moja bila kuaga, kama wapangaji wabaya. Na bisibisi ndiyo iliyomficha ukweli. Chuma hupeleka kwenye mfupa sauti nzito, migongano na miguno, na hizo bado alizisikia barabara. Kwa hiyo kila siku alijipima kwa kile alichobaki nacho, akajiona mzima. Isitoshe, mpira si chuma. Tundu la mpira linafoka hewani. Halipandi kwenye bisibisi hata ungeisimika hapo mpaka kesho.

Lakini kilichomuuma hakikuwa uziwi. Uzee humfika kila mtu, na asiyetaka afe mapema. Kilichomuuma ni kwamba kitu chake cha pekee kilikuwa kimevuka barabara kabla hata ya gari. Aliyaona yale masikio ya Mtanashati, madogo, masafi kama vikombe vilivyoanikwa, na akayatamani kama mtu anavyotamani shamba la jirani.

"Kesho mwite," mkewe akasema.

"Afadhali nilitafune hilo gari."

Alhamisi asubuhi alifika gereji kabla ya fundi matairi. Kama masikio yamekataa, macho yapo. Alichukua kopo la rangi lililokwisha, akaliosha, akatoboa kitako chake na kupachika pua ya tairi, ile ya kujazia upepo. Akalizungushia mdomo mpira mnene, akalivalisha kwenye mdomo wa tabo mahali bomba la filta linapoingia, akalikaza kwa kibano. Fundi matairi alipofika aliombwa mpira wa kompresa.

"Hilo kopo la nini?"

"La kufungia midomo ya majirani. Lete upepo, lakini polepole. Usijaze kama lori."

Injini ilikuwa imezimwa. Hewa ikaingia kwa tabo, ikapita mabomba yote, ikajaa kila mahali ambako injini huvutia pumzi. Sikio akachovya burashi ya kunyolea ndevu kwenye maji ya sabuni, akaanza kupaka povu kila kiungo. Bomba kubwa la kwanza, kimya. La pili, kimya. Akakagua vibano vyote. Kisha akatoa mfukoni kioo kidogo alichokiiba kwenye mkoba wa mkewe, akakipitisha nyuma ya injini, chini, upande wa huku. Akapaka povu bila kuona vizuri, akatazama kwenye kioo. Povu likavimba, likapasuka, likavimba tena, kama koo la chura.

Palikuwa palepale palipoonyeshwa kwa kidevu.

Na uliopasuka ulikuwa mpira wake mwenyewe. Miaka miwili nyuma, kile kimpira kinachorudisha moshi wa oili kwenye njia ya hewa kilikuwa kimekatika. Kipya kilitaka kuagizwa na kusubiriwa, Mama Mbao alikuwa na haraka, na Sikio akakata kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Alijiambia ni cha muda. Lakini mpira wa maji na oili hawaelewani. Ulikuwa umevimba, ukalainika, na ukachanika upande wa chini ambako hakuna jicho linalofika. Bei rahisi ina mwenyewe, na siku moja huja kuidai.

Alinunua mpira wa kweli, unaostahimili oili, na vibano viwili vipya. Akafunga. Akawasha. Sindano ikapanda, ikashuka, ikasimama pale inapotakiwa kusimama na haikuondoka. Aliweka kiganja juu ya gari na gari halikumjibu kitu. Alitaka kufurahi. Ushindi ulikuwa wake, ila ulikuwa umeng'atwa kwanza na mtu mwingine, na alama za meno zilionekana.

Ijumaa saa kumi Mama Mbao akaja kwa miguu, amemshika Mtanashati mkono wa ovaroli. "Nimekuja na shahidi," akasema, akaingia kwenye gari, akaliwasha. Alikaa na mikono kwenye usukani kwa muda mrefu, kama mtu anayemsubiri mwongo ajisaliti. Gari likatulia tuli.

"Haichezi," akasema hatimaye. "Ugonjwa ulikuwa nini, na aliyeugundua ni nani?"

Nyuma ya ukuta nyundo ya fundi matairi ilikoma. Sikio akamtazama shemeji yake. Angesema tu, basi! Angejisifu, naye Sikio angemchukia kwa raha zake. Mtanashati alitazama viatu vyake. Sikio zuri, ovaroli safi, na sasa staha pia. Kuna watu wamependelewa mpaka inachosha.

Sikio akapiga hesabu haraka. Mama huyu hununua magogo kwa kuyagonga na kiganja, na akigonga lililo tupu ndani hulijua papo hapo. Uongo wa fundi angeugonga kabla ya Jumatatu, na hapo gari lingevuka bila mjadala.

"Ni mpira mdogo wa hewa," akasema. "Niliufunga mimi, mwaka juzi, wa kubahatisha. Ulipasuka. Huyu aliusikia Jumatano, nikamfukuza. Jana nikauona mwenyewe."

"Yeye ameusikia na wewe Sikio hukuusikia?"

Ilikuwa vigumu kuliko kung'oa jino. "Sauti nyembamba zimenikimbia, mama. Nzito bado ninazo."

Mama Mbao alimtazama. "Kwa hiyo miaka yote hii nakupigia kelele nilikuwa napoteza pumzi?"

"Wewe, mama, nakusikia. Wewe ni gari kubwa."

Nyuma ya ukuta fundi matairi akacheka mpaka akakohoa. Mama Mbao hakucheka, lakini hakuzima injini pia.

"Gari inabaki kwako," akasema. "Mkono wako naujua. Ila kuanzia leo, kila ukimaliza, huyu aje aisikilize. Asiposema iko sawa, siichukui." Akafunga mlango, akaondoka, na lile gari lilipita bila hata kutingisha kioo.

Sikio alibaki amesimama kama mtu aliyeshinda kesi ya kiwanja, kisha akaambiwa jirani ana haki ya kupita jikoni kwake. Gari lake analo. Na sikio la shemeji litakuja nalo kila mara.

Aligeuka akitegemea kukuta mgongo wa ovaroli la buluu ukiondoka. Mtanashati alikuwa bado amesimama pale. Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama kopo.

"Shemeji," akasema, "hiki kidude umekitengenezaje?"

"Kidude kipi?"

"Hilo kopo. Nina gari pale ya tabo, wiki ya pili sasa. Naisikia inafoka, lakini kiwanja changu kina kuta, sauti inarudi kila upande. Inafoka pote. Sijui nishike wapi." Alikuwa ametoa mikono mfukoni. "Jana nilikuona na povu lako. Nilisimama mlangoni mpaka mteja akanikasirikia."

Sikio akamtazama usoni, akaona pale kitu alichokuwa akikiona kila asubuhi kwenye kioo cha kunyolea. Kilikuwa kitamu ajabu kukiona kwenye uso wa mtu mwingine. Hakufanya haraka. Aliliokota kopo, akalipangusa, akalifunga kwa kitambaa, akaliweka kwapani.

"Sikio lako linakuja kwangu kila Mama Mbao akija?"

"Si ameshaamua."

"Basi na kopo langu linakuja kwako kwa sharti hilohilo. Linakuja na mimi. Napaka povu mimi. Wewe hulishiki."

"Hata kulishika, shemeji?"

"Hata kulishika."

Mtanashati alifikiri kidogo, akakubali kwa kichwa. Wakatoka pamoja, mmoja mweusi kwa oili, mwingine amepigwa pasi. Walipokuwa wanashuka barabarani, Mtanashati alimshika ghafla kiwiko, akamrudisha nyuma. Baiskeli ikapita kwa kasi mbele ya pua zao, kengele ikilia.

"Baiskeli, shemeji."

Sikio akautoa mkono wake taratibu. "Nimeiona," akasema, ingawa alichokiona ni mgongo wa mwendesha baiskeli tu, na akalibana kopo kwapani zaidi kidogo, wakavuka.